Soko ya mwezi wa 11 inapangwa mwezi wa 6



Karibu mafunzo yote tunayopewa yanatufundisha kuuza. Kuchuma kahawa iliyoiva vizuri, kuifikisha ku stasio ya kuosha siku ile ile, kuchambua maharagwe kwa rangi, kutafuta mnunuzi wa bei nzuri. Hatukatai, ni mafunzo ya maana. Lakini makuta ya kahawa yakiisha kuingia nyumbani, hakuna anayetuuliza yanatokea mlango gani. Yanatokea jikoni: chumvi, mafuta, sabuni, mchele wa wageni na wagonjwa, sambaza, na maharagwe yale yale tuliyouza. Mkulima anaweza kugombana asubuhi nzima na mnunuzi wa kahawa juu ya faranga 50 kwa kilo, halafu jioni akaacha faranga 500 ku butiki bila kuuliza neno. Sisi tunaona ni wakati wa kuzungumza juu ya kununua kwa bidii ile ile.

Tunasema kwa ajili ya sisi wa pembeni ya ziwa Kivu, toka Kabare mpaka Kalehe, ambako nyumba nyingi ziko na kahawa kidogo, maharagwe, mihogo na migomba. Wenzetu wa bonde la Ruzizi wenye mpunga, au wa Fizi wenye mawese, watabadilisha majina ya vitu. Hesabu itabaki.

Watu wanapenda kusema: butiki ya jirani iko ghali, soko ya juma iko nafuu, depo ya mjini iko nafuu kupita zote. Ni nusu ya ukweli. Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo macho yetu yanadanganywa mchana kweupe.

Mafuta ya mawese kwetu yanapimwa na chupa ya Primus, ile kubwa ya sentilita 72. Bido ya lita 20 inatoa chupa 27 na inabaki kidogo ndani. Tuchukue mfano, na kila mmoja aweke bei za kwao. Bido ku depo ni faranga 60.000. Chupa moja basi inasimama 2.200 na kitu. Soko ya juma wanaiuza 2.600, butiki 3.000. Mpaka hapo kila mtu anaona. Lakini mama mwenye faranga 400 mkononi hanunui chupa. Ananunua kikombe kidogo, na vikombe 10 ndivyo vinajaza chupa. Chupa yake inamgharimu 4.000. Bido ile ile ya 60.000, ikipita katika vikombe, inakuwa 108.000. Aliye maskini kuliko wote ndiye anakula mafuta ya bei kali kuliko wote, na hakuna mwizi hapo katikati. Kuko tu udogo wa kipimo.

Kwa maharagwe, unga na mchele, mambo ni ya kopo. Kuko kopo ya Guigoz, kuko ile ya tomati, kuko iliyogongwa chini ikapandisha tumbo. Na kuko mikono miwili. Mkono unaonunua kwako wakati wa mavuno unajaza kopo mpaka inaota mulima. Mkono unaokuuzia unapangusa kopo na kijiti. Mutu ni yule yule, kopo ni ile ile.

Kooperative iko na mizani ya kahawa. Siku ambayo hakuna kahawa, mizani inalala. Kila memba alete kopo anayonunulia, ijazwe maharagwe, ipimwe mara mbili, na mulima na bila mulima, kisha uzito uandikwe na chaki ku ukuta wa depo yetu. Hiyo haiombi mradi wala mfadhili. Ukijua kopo yako inabeba gramu ngapi, unaweza kulinganisha bei za masoko mawili. Bila hiyo unalinganisha majina ya kopo tu.

Juu ya matabishi, tunayapenda wote, tusijifiche. Mama muuzaji anayekuongezea mkono mmoja wa sambaza mara nyingi amekwisha kuutoa mkono huo ndani ya kipimo. Lakini matabishi yanaleta urafiki, na urafiki ku soko uko na faida yake siku ambayo umefika umechelewa na mvua inanyesha.

Halafu kuko njia. Depo za mjini, ku Kadutu au kwingine, zinapendeza masikioni. Tuseme moto kwenda na kurudi ni 10.000. Aliyeenda kununua chupa 5 za mafuta anaokoa karibu 800 kwa kila chupa, yaani 4.000, na amelipa njia 10.000. Amepoteza 6.000 na siku nzima ya kulima. Aliyenunua bido nzima anaokoa 21.000 akilinganisha na bei ya butiki. Akitoa njia, anabaki na 11.000. Lakini dereva wa moto akiona bido ataongeza bei yake, na kama njiani kuko bariere ambako kila mzigo unaombwa kitu, hesabu inashuka tena. Kwa hiyo yule anayejisifu kila juma kwamba yeye hanunui kijijini, ananunua mjini, tumwombe atuonyeshe na tiketi ya moto.

Kuko wanaotujibu: "Sisi hatulipi moto, mama anatembea." Hapo lazima tusimame kidogo. Mgongo wa mama unawekwa katika hesabu kama kitu cha bure. Masaa 3 ya kwenda, masaa 3 ya kurudi na mzigo kichwani au kamba ku paji la uso, hiyo ni siku ya kupalilia. Kibarua wa siku ile tungemlipa, tena tungempa na chakula. Kwa nini safari ya mama ihesabiwe sifuri? Nyumba inayookoa 4.000 kwa kupoteza siku ya mtu mzima haijaokoa kitu. Imehamisha tu gharama, ikaiweka mahali ambapo mwenye nyumba haioni.

Tufike sasa ku mwezi wa 11, maana ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Mwezi wa 9 tumepanda maharagwe ya msimu A, na sehemu ya akiba imeingia udongoni kama mbegu. Mwezi ule ule shule imefungua, makaye na yuniforme vimekula makuta yaliyobaki. Mavuno yatakuja mwisho wa mwezi wa 12 au mwezi wa 1. Katikati kuko shimo. Ndani ya shimo hilo hakuna anayechagua soko. Mazungumzo yote ya bei ya huku na bei ya kule yanakufa, unanunua kwa yule anayekubali kuandika jina lako ku kaye.

Mwenye butiki si adui, na tunaomba watu waache kumsema vibaya kanisani. Yeye naye analipa depo, analipa kodi, na kaye yake iko na majina ya waliohama usiku. Mtoto akishikwa na homa saa 7 ya usiku, ni mlango wake tunagonga, si mlango wa kooperative. Mutu anayekungojea miezi 3 iko na haki ya kupata kitu juu ya kungoja kwake. Tunachotaka ni kitu kimoja: bei ya kungoja iwe na jina. Uliza kwa sauti, mbele ya kuchukua: "Nikilipa leo ni ngapi? Nikilipa mwezi wa 1 ni ngapi?" Wengi hawaulizi juu ya haya. Wanaogopa kuonekana wanakataa msaada.

Tufanye hesabu ya nyumba moja. Mafuta, chumvi na sabuni ambazo kwa makuta mkononi zingekuwa 24.000, ku kaye zimeandikwa 30.000. Mwezi wa 1 mwenye butiki anakuja na mfuko na kopo yake. Maharagwe wakati huo, kila nyumba imevuna, tuseme kilo ni 1.200. Deni ya 30.000 ni kilo 25. Ukiongeza mulima wa kopo, zinatoka 27 au 28. Sawa, deni imeisha, tunasalimiana vizuri. Halafu mwezi wa 4 na wa 5 unafika, msimu B haujaiva, gala ni tupu, na kilo imepanda 2.000. Nyumba ile ile inarudi kununua kilo 25 za kula. Inalipa 50.000. Kwa vitu vya 24.000! Na kama makuta hayako, inaandikwa tena ku kaye.

Wengine wanasema dawa ni AVEC: ukope ku kikundi, ulipe butiki kwa makuta mkononi. Tupime. Umekopa 24.000, faida 5 kwa mia kila mwezi, miezi 3, unarudisha 27.600. Kwa bei ya 1.200 hizo ni kilo 23 za mizani. Umeokoa kilo 2 na ule mulima. Ni kitu, na ile 3.600 ya faida inabaki kati yetu, itarudi siku ya kugawa. Lakini tusidanganyane: bado umeuza maharagwe mwezi wa 1, bei ikiwa chini. AVEC inapunguza kidonda, haikifungi.

Kuko na neno lingine juu ya AVEC, na tunajua tutapigiwa kelele. Vikundi vingi vinagawa mwezi wa 12, mbele ya Noeli. Tunaelewa, watoto wanataka nguo na nyumba inataka kunuka nyama siku ile. Lakini wakati huo mavuno yako mlangoni. Kikundi kinachogawa mwanzo wa mwezi wa 10 kingetia makuta ndani ya shimo lenyewe, siku ambayo chupa ya mafuta inaamua kama utaingia ku kaye au hapana. Kila kikundi kiulize wamemba wake, hasa wamama, kabla ya kuanza mzunguko mpya.

Maoni yetu yenyewe ni haya: soko ya mwezi wa 11 inapangwa mwezi wa 6. Kwetu pembeni ya ziwa kahawa inachumwa zaidi toka mwezi wa 3 mpaka wa 6. Huo ndio wakati ambapo mkulima iko na makuta ya kuchagulia. Na vitu vinavyotuingiza ku kaye mwezi wa 11 si vitu vya kuoza. Chumvi inakaa kama imefunikwa isishike unyevu. Mafuta ya mawese yanakaa katika bido iliyofungwa vizuri, kivulini. Sabuni ndiyo kabisa: ikikauka inakuwa ngumu na haiyeyuki haraka ndani ya maji.

Nyumba ya watu 7 inayotumia chupa moja na nusu ya mafuta kwa juma, toka katikati ya mwezi wa 9 mpaka katikati ya mwezi wa 1, itatumia chupa 25 au 26. Hiyo ni karibu bido moja. Bido moja ya mwezi wa 6 inafunika shimo nzima. Na asiye na deni mwezi wa 1 anaweza kungoja na maharagwe yake. Kuyaweka mpaka mwezi wa 4 kunaomba yakauke kweli kweli na yafungwe katika mifuko ya PICS, ile ya safu 3 ambamo wadudu wanakosa hewa wanakufa. Tumekwisha kuieleza hapa, haturudii.

Sasa njia. Gari inayopeleka kahawa mjini inarudi tupu. Tumeliona jambo hili miaka na miaka na tumelizoea kama mawe ya barabara. Mafuta ya gari yamelipwa, dereva amelipwa, kiti cha mbele kiko na wamemba wa kamati wanaorudi. Kwa nini bido 30 za wamemba zisirudi nyuma yake? Hapo ndipo bei ya depo inakuwa bei ya depo kweli, si bei ya depo pamoja na moto, bariere na mgongo wa mama.

Tunajua kilio kitakachotoka ku mkutano: "Makuta ya watu wote katika mfuko wa mutu moja, yatakimbia." Ni woga wa haki. Kuko kooperative ambazo zilikufa hivyo. Basi asiende mmoja, waende 3, na kati yao mama asikosekane. Fakture isomwe mbele ya mkutano, na bei ya kila kitu. Memba alipe mbele. Asiyelipa asiandikwe, hata kama ni prezida. Na kooperative isichukue deni yoyote ku depo ya mjini, hata wakibembeleza, maana tutakuwa tumehamisha kaye toka butiki ya kijiji mpaka mjini, ambako hatujulikani na hatuhurumiwi.

Kuko sababu nyingine ya kununua mapema kuliko kuweka faranga chini ya godoro. Ku depo bei nyingi zinafuata dola, sisi tunalipwa faranga. Mwanzo wa 2023 dola moja ilikuwa karibu faranga 2.000, mwisho wa mwaka ule ilipita 2.500. Aliyeweka faranga zake za kahawa mwezi wa 6 angojee mwezi wa 11 aliona bido inamkimbia. Siku nyingine faranga inapanda, ni kweli, na hapo aliyenunua mapema atalalamika. Lakini bido iliyo nyumbani haisikilizi habari za dola.

Kuko na hatari moja ambayo wamama wameitaja kuliko wanaume: bido ikiwa nyumbani, inaliwa. Jirani anaomba, shemeji anakuja, mkono unakuwa mwepesi juu ya sufuria, na mwezi wa 9 bido inalia tupu. Tunawaamini. Kwa hiyo asiyejiamini aache bido yake ku depo ya kooperative na jina lake juu, achukue chupa zake kila siku ya soko. Na mweka depo aandike. Hilo litaomba kitasa kizuri na mtu anayelala hapo, si zaidi.

Halafu kuko jambo la ndani ya nyumba ambalo gazeti hili linalizunguka-zunguka. Malipo ya kahawa yanapokelewa na yule ambaye jina lake liko ku fishi ya memba, na mara nyingi ni baba. Anayejua chumvi itaisha siku gani ni mama. Makuta yakilala usiku mmoja katika mfuko wa koti, asubuhi yanakuwa na wenyewe wengi: deni ya kasiksi, mchango wa ndoa, rafiki aliyesikia. Tunapendekeza muposho ukatwe mbele, ku meza ya malipo, kwa orodha iliyotengenezwa na baba na mama pamoja, na wote wawili watie sahihi. Kuko wababa watakaosema hii ni kuwaondolea heshima. Hatuoni vile. Kooperative inakata tayari makuta ya miche na ya mifuko, na hakuna aliyesema ameondolewa heshima.

Orodha yenyewe ibaki fupi. Mafuta, chumvi, sabuni, na kwa anayetaka, mchele. Kuko walioomba tuongeze unga. Hapana. Mihogo iko kwetu, mashini ya kusaga iko kwetu, na unga wa siku nyingi unashika ukungu. Sambaza kavu, hatujasikilizana. Zikikaushwa vizuri zinakaa, lakini mwezi wa 10 na wa 11 mvua haiachi, zinavuta maji ya hewani, na mfuko mmoja ukiharibika utaharibu jina la manunuzi yote. Wengi kati yetu wanaona afadhali kuwaachia wamama wa soko, ambao wanazichukua kwa wavuvi asubuhi na kuzimaliza siku ile ile. Wale wanaoona kinyume walete ku mkutano bei ya mfuko mzima, na watuonyeshe mahali pa kuzianika kukinyesha.